Randa Iliyokula Umeme Nusu

Juma lililopita fundi mmoja wa hapa Mbagala kaja kwangu na drili ya mtumba kaizungushia taulo kama mtoto anayetolewa kliniki. Akanipa shikamoo yake, nikaitikia, akafungua taulo.

"Bibi, hebu ione. Nimeuziwa soko la Gerezani, bei ya kutupa."

"Umeuziwa au unataka kuuziwa?"

"Nimeshanunua."

"Sasa unaniletea nini, mwanangu, nikusaidie kuisifu?"

Akacheka, akakaa. Ilikuwa drili ya betri, nzuri, haina hata mkwaruzo. Nikamuuliza chaja iko wapi. Akaniangalia. Nikauliza tena. Akasema muuzaji kamwambia betri imejaa, ataitumia muda mrefu. Muda mrefu, halafu? Akaanza kuikunja taulo.

Nyie vijana mnaopiga kazi za mbao mna bahati sana na hamjui. Mnachagua. Kuna mpya, kuna mtumba, kuna ya Mchina, mnapita Gerezani na Kariakoo mnagusa hiki mnaacha kile. Sie enzi za Ujamaa tulikuwa tunachagua kati ya kuukuu na hakuna. Ndiyo maana tulijifunza kuangalia. Nitawasimulia habari ya mashine moja tu, na nitasimulia haraka, maana mie mwenyewe kusimuliwa polepole sipendi, toka shule nilikuwaga hivyo.

Nilimaliza fomu foo, nikapelekwa ushirika wa maseremala kule Temeke niwe karani wao. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Mie kukaa sijui. Mwezi haujaisha nimeshashika randa, nasukuma mbao na kanga kiunoni, wanaume wanacheka. Mzee Dismas peke yake hakucheka. Huyu alikuwa fundi mkuu wetu, mtu wa Newala, zamani alichonga vinyago, mikono yake mipana kama vibao vya chapati. Alinisogelea akasema, "Unasukuma kwa hasira. Mbao haijakukosea." Akanishika viwiko akanionyesha. Basi, nikawa seremala. Walinitafutia kazi nikajipatia nyingine.

Sasa, shule zilikuwa zinafunguliwa kila upande wakati ule, na watoto wanakaa chini. Tukapewa kazi ya madawati ya shule mpya ya huku Mbagala. Tulifurahi mpaka afisa elimu, Bwana Elimu tulimwita, alipokuja bandani kututajia sharti. Banda lile halikuwa letu, la serikali. Bwana Elimu akasema kwa upole kabisa, kalamu mfukoni, kwamba shule ikifunguliwa na madawati hayapo, banda watapewa ushirika wa washona viatu, ambao wanalitaka na wamesema wao ni wepesi.

"Na sie tutakwenda wapi, ndugu?" akauliza Mwenyekiti.

"Mtakwenda mtakakopenda," akasema Bwana Elimu, akapanda baiskeli yake.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Kibwana, Mzaramo wa hapahapa, mcheshi, mnene kidogo, anapenda kuvaa baraghashia hata akiwa amejaa vumbi la mbao. Akageuka akatuangalia. Mbao zilikuwepo, mninga mzuri umerundikwa mpaka darini, lakini zimetoka kupasuliwa, ngozi yake kama mgongo wa kenge. Kila ubao upigwe randa kwa mkono pande zote. Tulipiga. Tulipiga mpaka mtu akishika kikombe cha chai kinatetemeka. Mzee Dismas akapima kwa macho rundo lililoisha na lililobaki, akasema, "Watoto watakuwa wameshamaliza shule."

Umeme tulikuwa nao. Ulikuwa umeingizwa bandani muda kidogo kabla sijafika, taa moja na soketi moja, na ile soketi tulikuwa tunachemshia chai. Maseremala wenye umeme wanachemshia chai. Nikasema, tutafute randa ya umeme. Wakaniona nimechanganyikiwa.

Hapo sharti niwaambie kuhusu drili ya Mwenyekiti, maana ndiyo iliyowafanya waniangalie vile. Kabla mie sijafika, Mzee Kibwana alikwenda kununua drili, akapenda moja ya kijani inayong'aa, akaibeba begani kutoka mjini watu wanaiona. Ikatoboa tundu moja. La pili ikatoa moshi. Kuifungua, ndani waya za mota zote nyeusi, beringi zimelegea, yaani mzee alinunua rangi. Drili ile ilikuwa bado inaning'inia mlangoni, na kila mtu akitaka kumkera Mwenyekiti anaipapasa akipita, anasema, "Lakini inang'aa."

Basi kusikia mashine nyingine ya zamani, Mwenyekiti akasema hataki. Mie nikasema, washona viatu wanataka. Akavaa baraghashia yake tukaondoka.

Kulikuwa na kampuni moja ya kigeni iliyomaliza kujenga barabara, ikaondoka, ikaacha vitu kwenye godauni Barabara ya Pugu viuzwe polepole. Tulikwenda watatu na mkokoteni wetu: Mwenyekiti, Mzee Dismas na mie. Mtunza stoo aliitwa Maganga. Kwa jina tu Mwenyekiti akachangamka, maana Maganga ni Mnyamwezi, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, hapo hakuna salamu ya kawaida.

"Karibuni," Maganga akasema toka ndani. "Nani hao? Wazaramo? Ngoja nifiche chakula."

"Ficha tu, mtani. Sie tumekuja kuangalia kama bado mnabeba mizigo ya watu, au siku hizi mmeamua kuikalia."

"Tunaibeba. Nyie mlipoisikia ngoma mkaitua njiani, sie ndio tuliorudi kuiokota."

Wakacheka, wakashikana mikono. Mie nikaonyeshwa pa kukaa: sanduku la chuma lililofunikwa gunia, karibu na mlango. Nikajaribu kulivuta nikae karibu na meza nione vizuri. Halikusogea hata kidogo.

"Kiti gani hiki, umekijaza mawe?"

"Kaa tu binti," Maganga akasema. "Hicho hakianguki."

Nikakaa. Kanga yangu ikanasa kwenye kitu pembeni, nikaichomoa, nikatulia. Nilivyoweza.

Randa ikaletwa. Kubwa, nzito, imechubuka, haina rangi ya kudanganya mtu. Na sasa nyie mnaonisoma sikilizeni alichofanya Mzee Dismas, maana mimi toka siku ile nafanya hivyohivyo. Hakuiwasha. Maganga alikuwa ameshashika plagi, Mzee Dismas akamwambia, "Subiri, kwanza tujuane." Akaweka pua kwenye matundu ya mota akanusa. Mota iliyowahi kuungua haisahau, harufu yake inakaa miaka. Akasema haijaungua. Akashika ile silinda inayobeba visu akaizungusha kwa kidole, taratibu, sikio karibu, kusikiliza beringi. Ikazunguka kimya. Akaitikisa juu chini, haikucheza. Akafungua kaboni pembeni, zile za kupeleka umeme kwenye mota, zilikuwa bado ndefu. Akauliza visu vya akiba. Maganga akatoa kopo, vimo. Mwisho akapitisha waya wote kati ya vidole, kutoka kwenye mashine mpaka mwisho, kama mtu anayekagua mshipi wa samaki. Mpira wa zamani, mzima. Akafika kwenye plagi akasimama. Plagi ilikuwa mpya, nyeupe pee.

"Huyu mnyama hajachoka," akasema. "Sasa, Ndugu Maganga, mbona bei yake ya kutupa?"

Hilo ndilo swali, vijana. Kitu kizima hakishuki bei bila sababu, na sababu hiyo lazima uisikie kwa mdomo wa muuzaji, umwangalie anavyoisema.

Maganga hakuficha. Akajikuna shingo. "Zilikuwa kadhaa, mzee. Nyingine niliuza. Zikafa. Watu wakarudi hapa kunitukana, mmoja kaniletea yake imeungua kama ugali uliosahaulika jikoni. Sasa hii imebaki nimeshusha bei, maana hata mie nimeichoka."

"Zilikuwa mbovu?"

"Hapana, ndiyo kinachonishangaza. Tena hizi ni nzuri, zinakula umeme nusu. Mzungu aliyekuwa anazitumia aliniambia mwenyewe kabla hajaondoka, na imeandikwa. Umeme nusu."

Mwenyekiti akafungua macho. Umeme nusu. Nilimwona anavyopiga hesabu ya bili kichwani, na midomo yake inacheka peke yake. "Mtani, kumbe una akili. Iwashe."

Maganga akachomeka, akabonyeza. Jamani. Ile randa ilipiga ukelele, godauni zima likajaa, njiwa wakatoka darini. Mwenyekiti anapiga makofi. Mzee Dismas kakunja uso.

"Zima," akasema. Ikazimwa. Akainusa tena. "Mbona inalia kama inachinjwa?"

"Nguvu hizo, mzee," akasema Maganga.

"Nguvu hailii hivyo."

Mie nilikuwa nimeshachoka kukaa. Nikainuka, kanga ikanasa tena, nikaivuta kwa hasira ikachanika kidogo, nikaenda mezani. Nikalifuta vumbi lile bamba dogo la bati pembeni ya mashine, nikasoma. Kulikuwa na namba ya voltage: mia na kumi. Na ukutani pale, na kule kwetu Temeke, na nchi nzima, soketi inatoa mia mbili na thelathini. Fizikia ya fomu foo nilikuwa nimeipata kwa shida, mwalimu wetu alikuwa anafundisha kama anafukuzwa, lakini hilo nililishika.

"Haili umeme nusu," nikasema. "Inataka nusu. Sie tunaimwagia wote."

Mwenyekiti akasema, "Fafanua, binti, usiseme kama bamba."

"Mzee, ni kama mtoto wa mwaka unamshindilia chakula cha mtu mzima. Ndiyo maana inalia. Zile nyingine zilikufa kwa kushiba."

Mzee Dismas akaitikia kwa kichwa, uso umefunguka. Alikuwa ameisikia mashine inalalamika, sasa kajua inalalamikia nini. Maganga anazifikiria zile alizouza, nadhani, na matusi yale yote.

"Kwa hiyo ni nzuri au mbaya?" Mwenyekiti akauliza.

"Nzuri sana. Ukiipa nusu yake."

"Na nusu inauzwa wapi? Tuuchanganye na maji?"

Kuna kifaa cha kupunguza, transfoma, nikasema. Lakini miaka ile duka likiwa na balbu, watu wanapanga foleni. Transfoma ya kazi kama ile ungeagiza ng'ambo kwa kibali, na kibali kitoke, na meli ije, na washona viatu wakati huo wanashona viatu bandani mwetu. Mwenyekiti akavua baraghashia akajipepea. Akasema basi, twendeni, tukasukume kwa mkono. Mzee Dismas akairudisha randa mezani taratibu kama anailaza.

Mie nikarudi kuchukua pochi yangu pale nilipokaa, na wallahi kanga ikanasa mara ya tatu. Nikasema leo siondoki na kiti hiki bila kujua kina nini. Nikalivuta gunia lote. Chini yake sanduku la chuma, manjano iliyofifia, mpini juu, na ubavuni soketi. Matundu matatu ya duara, na kipande cha kanga yangu kimeingia humo.

Soketi gani ina matundu ya mviringo vile? Ya ukutani haikuwa hivyo.

"Ndugu Maganga," nikasema, "hii randa ilikuja na plagi gani?"

"Ilikuwa na plagi ya ajabu ajabu, haiingii ukutani. Niliikata nikaweka hii."

"Iko wapi?"

Akapapasa kwenye kopo la misumari, akaitoa. Plagi nene, miguu ya duara. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya godauni, nikaichomeka kwenye kiti changu. Ikaingia mpaka mwisho kama funguo kwenye kitasa chake.

Kiti changu ndicho kilikuwa transfoma yake. Tulikuwa tumekaa pale asubuhi yote tunaulizana nusu inauzwa wapi, na mie nimeikalia.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika meza. Halafu akafanya jambo ambalo nyie wa siku hizi mnaweza msilielewe. Alikwenda akaketi juu ya lile sanduku, kwa uzito wake wote, akakunja miguu.

"Mtani," akasema, "nimekishika kiti chako."

"Kiti sijauza," Maganga akasema. "Ninauza randa."

"Sijasema nanunua. Nimesema nimekishika. Toka lini mtani anamuuzia mtani?"

Na kweli, kwa watani ndivyo ilivyokuwa. Akikuchukulia kitu mbele ya watu, huna pa kukasirikia, utamvizia na wewe siku yako. Ila kitu kile hakikuwa hata kwenye vitu vya kuuzwa, kilihesabiwa chuma tu, kiliachwa kwa sababu hakuna aliyetaka kukiinua.

Maganga akatabasamu kwa upande. "Haya. Mzaramo akiweza kukibeba mpaka nje, ni chake."

Mwenyekiti akainuka, akashika mpini. Akavuta. Baraghashia ikaanguka, sanduku lipo palepale. Mzee Dismas akamsaidia, likanyanyuka kidogo likarudi chini na sakafu ikatetemeka.

"Mnaona?" Maganga akasema. "Hawa ni watu wa ngoma."

"Hata wewe huwezi," Mwenyekiti akasema, anahema. "Wanyamwezi wa zamani ndio waliobeba. Nyie wa siku hizi mnabeba funguo za stoo."

Alikuwa mjanja, yule mzee. Maganga akavua shati. Akachuchumaa, akakumbatia sanduku, mishipa ya shingo ikamsimama, akainuka nalo. Akatembea nalo hadi nje, akalitua kwenye mkokoteni wetu, akajipukuta mikono.

"Asante, mtani," Mwenyekiti akasema. "Sasa tulipe randa."

Maganga akabaki anamwangalia, kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alipotulia akasema, "Na mie nitakaa wapi?" Mzee Dismas akamwahidi kiti. Na ahadi ile aliitimiza, kwa mninga uleule, cha kwanza kabisa kupita kwenye mashine, chenye mikono na mgongo wa kuegemea. Maganga alikuja Temeke kukichukua mwenyewe. Alikibeba kichwani.

Bandani tukairudisha ile plagi ya zamani. Shomari, kijana mwenzetu, alishauri tuache ile nyeupe, ili tuweze kuchomeka popote. Mzee Dismas akakataa kabisa. "Hii ya duara haiingii popote Temeke ila kwenye sanduku lake. Hata mjinga hawezi kuiua." Shikeni hilo. Plagi ikikataa ukuta wako, usikimbilie kisu, jiulize kwanza inakataa kwa nini.

Tukachomeka sanduku ukutani, randa kwenye sanduku, Mzee Dismas akabonyeza. Haikupiga ukelele. Ilinguruma chini, nzito, tulivu, mtu anaweza kuongea juu yake. Mzee Dismas akaipitisha kwenye ubao mmoja, ngozi ya kenge ikatoka kwa riboni ndefu, chini yake mninga mwekundu unateleza kama sabuni. Akapitisha kiganja. Akaniita.

"Njoo usukume. Bila hasira."

Tulisukuma kwa zamu. Banda lilijaa maranda mpaka magotini, wake za jirani wakawa wanakuja na magunia kuokota ya kuwashia moto. Chai tukahamishia kwenye kuni. Na neno likazaliwa mle ndani: mtu akipoteza patasi, akipoteza tepu, akipoteza chochote, hatuulizi nani kachukua. Tunamwambia, "Inuka." Ajabu ni kwamba mara nyingi kweli kakikalia.

Siku ya lori, Bwana Elimu alikuja na baiskeli yake, na nyuma yake viongozi wawili wa washona viatu wamekuja kupima banda. Wakakuta madawati yamepangwa nje mpaka barabarani, yanang'aa kwa mafuta tu, hakuna rangi. Bwana Elimu akapita kati yake. Akachagua moja, akakaa, akalitikisa kushoto, kulia. Halikulia. Akajaribu la mbele yake. Akarudi kwenye lile la kwanza, akaweka viwiko juu yake kama mtoto wa shule, akabaki hapo. Lori linangoja, dereva anapiga honi. Yeye kakaa tu, anapapasa ule ubao.

"Mzuri," akasema mwishowe. "Banda kaeni nalo."

Na bado hakuondoka. Sie tunaangaliana, hakuna anayethubutu. Mwenyekiti akavua baraghashia kwa heshima zote, akainama kidogo.

"Tunashukuru sana, ndugu. Sasa inuka."

Banda zima likalipuka, na Bwana Elimu hakujua mpaka anakufa kwa nini tulicheka vile.

Yule kijana wa drili isiyo na chaja nimemrudisha Gerezani leo asubuhi. Nimemwambia asigombane na mtu. Aende kwa aliyemuuzia, amsalimie vizuri, kisha amwombe asimame kidogo.